Nimevisoma Mpaka Mwisho, Sasa Nawapa Ukweli

Kuna jambo moja linaniudhi sana kwenye kurasa za vitabu. Kila kitabu ni kizuri! Kila mwandishi ni mahiri, kila riwaya inasisimua, na ukifika mwisho wa makala hujui kama aliyeandika alikisoma kweli au alisoma maneno ya nyuma ya jalada tu. Sasa mimi mwezi huu nimeamua kusema ninavyoona. Nimemaliza vitabu sita katika miezi ya karibuni, vingine vya juzijuzi tu, vingine vimetoka kabla sijazaliwa. Sikuvipanga. Kimoja niliazimwa, viwili nilivikuta kwa muuza vitabu vya mitumba, vingine nilinunua kwa hela yangu mwenyewe, kwa hiyo hakuna ninayemwogopa.

Kilichonishangaza ni hiki. Kuna cha ushauri wa ndoa, kuna cha upelelezi, kuna wasifu, kuna riwaya za huku na za kule, lakini karibu vyote vinazunguka jambo lilelile: yale ambayo watu hawaambiani wakati wanalala chini ya paa moja.

Lugha tano, lakini mbona ya woga haimo?

Tuanze na kile ambacho wengi mnakijua hata kama hamjakishika mkononi. The 5 Love Languages cha Gary Chapman kilitoka Marekani mwaka 1992, na mpaka leo ukienda kichen pati hukosi kumsikia somo akiyarudia ya mle ndani bila kutaja alikoyatoa. Chapman ni mchungaji na mshauri wa ndoa. Anasema kila mtu ana njia yake kuu ya kujisikia anapendwa: maneno mazuri, muda wa kukaa pamoja, zawadi, kusaidiwa kazi, au kuguswa. Ugomvi mwingi, kwa maelezo yake, unatokana na kila mmoja kupenda kwa lugha yake mwenyewe. Baba anahangaika kutwa alete zawadi nyumbani, kumbe mama anataka tu azime simu wakae kibarazani wapige stori.

Nusu ya kwanza naipa tano kwa tano. Ni kitabu chepesi, unakimaliza kwa jioni mbili, na ukikifunga utamwangalia mwenzio kwa jicho jingine. Mjomba wangu mmoja hajawahi kumwambia mkewe "nakupenda" kwa miaka yote ninayomfahamu, lakini kila asubuhi yeye ndiye anayemchotea maji ya kuoga na kumwekea bafuni. Baada ya Chapman nikaelewa kwamba yule mzee anatongoza kila siku.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye sura ya kumpenda asiyependeka. Kuna mke amemfuata Chapman akiwa amechoka, mumewe hamjali kabisa, mapenzi yameshakauka. Chapman anampa zoezi la miezi sita. Aache kulalamika, amuulize mume anataka nini, na kwa kuwa lugha ya mume inaonekana ni kuguswa, basi mke awe ndiye anayeanza hata mambo ya faraghani. Mke anamweleza kwamba hilo ni gumu kwa mtu anayekupuuza kutwa nzima. Chapman anakubali kwamba ni gumu, kisha anamrudisha kwenye imani yake. Na mwisho, eti mambo yananyooka.

Jamani, hapana. Inawezekana yalinyooka kwa huyo mmoja. Lakini zoezi hilo ukimpa mwanamke ambaye hujui nyumbani kwake kukoje, umemwongezea mzigo mtu ambaye tayari amelemewa. Barua na meseji zinazofika kwenye meza yangu nazisoma mwenyewe, na kuna wanawake humo hawana shida ya lugha hata kidogo. Wanawajua waume zao nje ndani. Wanajua kwa jinsi funguo zinavyoingia mlangoni kama leo watalala salama. Na wanaume wapo pia, wachache, wanaandika kwa aibu na kuomba tusitaje hata mkoa wanaoishi.

"Kaeni chini mzungumze" ni ushauri mzuri, lakini una sharti lake: wote wawili wawe huru kusema bila kuogopa kitakachofuata. Sharti hilo Chapman analipita haraka mno. Riwaya nilizosoma baada yake hazikulipita.

Kitabu kilichonilaza saa tisa usiku

Stay With Me ya Ayobami Adebayo ilitoka mwaka 2017. Ni ya Nigeria, mji wa Ilesa, na sehemu kubwa inatokea miaka ya 1980, enzi za serikali za kijeshi. Yejide na Akin walikutana chuoni wakapendana, wakaoana, wakakubaliana kabisa kwamba ndoa yao ni ya wawili tu. Yejide ana saluni yake, Akin ana kazi benki. Miaka minne inapita, mtoto hakuna. Siku moja ndugu wanabisha hodi wakiwa na msichana mrembo, wanamkalisha sebuleni, na Yejide anaambiwa huyu ni mke mwenzio. Kwake mwenyewe! Na tayari keshawakaribisha.

Hapo wengine mtasema, aah, hadithi ya ukewenza na ugumba, tumeshaona filamu zake mia. Hata mimi nilisema hivyo. Kisha Yejide anapanda mlima kwa nabii akimkokota mbuzi mweupe, na anachoambiwa afanye na yule mbuzi sikisemi hapa, ila nilicheka, na kurasa chache mbele nikajilaumu nilichekea nini. Anarudi akiamini ana mimba. Tumbo linakua. Vipimo vinasema hamna kitu, mwili wake unasema kipo, naye anaushikilia mwili.

Uzuri wa kitabu ni kwamba mume naye anapewa zamu ya kusimulia. Mara nyingi riwaya za namna hii mwanaume ni jitu tu la kuchukiwa. Akin huwezi kumchukia kirahisi. Anampenda mkewe kwelikweli, na ana siri ambayo kama angeitamka siku ya kwanza, kitabu kisingekuwepo. Siri yenyewe mimi siitoi. Nitasema tu kwamba inahusu uanaume, na kwamba ili asiseme sentensi moja ya kumwaibisha, anapanga jambo linaloharibu maisha ya watu wanne. Na mke anaendelea kubeba lawama za ukoo mzima kwa kosa lisilo lake. Mama mkwe anajua nini na hajui nini? Hilo nalo mlisubiri.

Halafu kinaingia kitu kingine ambacho sikukitegemea kwenye riwaya ya mapenzi: selimundu, ugonjwa ule tuliozoea kuuita siko seli. Kwa hili naomba nikae kidogo, maana linatuhusu. Mtu anaweza kuwa na kinasaba kimoja cha selimundu akaishi maisha yake yote bila kuumwa wala kujua. Akikutana na mwenzie wa namna hiyohiyo, kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, siyo kwamba akipatikana mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wako salama, kama nilivyowahi kumsikia mtu mzima akisema kwa kujiamini kabisa. Nigeria, wachumba kuulizana majibu ya kipimo hiki ni jambo la kawaida. Kwetu makanisa mengi huwataka wachumba wapime VVU kabla ya kutangaza ndoa, na ni vyema, lakini hiki cha damu ni wangapi tunakiulizia? Tunauliza kabila, tunauliza ukoo wao kama una wachawi! Kipimo chenyewe ni tone la damu.

Kasoro? Zipo. Sehemu ya katikati misiba inafuatana mpaka unahisi mwandishi anakukomoa. Na kuna kifo kimoja kinachopitishwa harakaharaka mno, kama mtu anayefagia uchafu chini ya zulia. Lakini nilikimaliza saa tisa usiku na nikashindwa kulala. Kama mwaka huu utasoma riwaya moja tu ya mapenzi, soma hii. Wachumba msome wote wawili.

Pumziko kwa Willy Gamba

Baada ya hapo nilihitaji kitu cha kuniondolea simanzi, nikamshika Willy Gamba. Kufa na Kupona cha Elvis Musiba kilitoka mwaka 1974, na nakala yangu ina kurasa mbili zilizogundishwa kwa selotepu. Hati za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, na mpelelezi wetu anatumwa Nairobi kuzifuata. Ukikumbuka kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kweli ilikuwa na makao yake Dar, tangu mwaka 1963 hadi 1994, unaelewa kwa nini wasomaji wa wakati ule walikuwa wanasoma huku mioyo inawadunda.

Ni kitamu? Sana. Kinakwenda mbio, hakina hotuba, ngumi zinapigwa, magari yanakimbizana. Wanawake ndio sasa! Kila anayetokea ni mrembo kupindukia, na kila mrembo anamtaka Willy. Hakuna hata mmoja mwenye kifua kinachokohoa au mtoto wa kumpeleka shule. Nimesamehe, kwa sababu Musiba hajidai kuandika maisha. Ila nilijikuta nikiwaza: mwanaume huyu anamdanganya kila mwanamke kuhusu jina lake, kazi yake na anakolala, na sisi tunamshangilia. Akin wa Ilesa kadanganya mara moja na nikamlaani wiki nzima.

Rosa, na baba yake

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ndiyo niliyokuwa naikwepa. Ilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa kijana wa miaka 27 hivi, na ikapigwa marufuku shuleni kwa muda kwa kuonekana inaharibu vijana. Jina lenyewe ni jina la Bikira Maria katika litania, halafu ndani kuna ulevi, ngono na kutoa mimba. Unaweza kupata picha wakubwa walivyoruka!

Nikiwa binti niliisoma kama wengi wetu tulivyoisoma, kwa kutafuta zile kurasa. Safari hii, nikiwa mtu mzima katika miaka yangu ya thelathini, zile kurasa nimezipita tu. Niliyemwangalia ni Zakaria, baba yake. Mzee huyu wa Ukerewe anakunywa, anapiga mke, na anaamini kwamba kazi ya baba mwenye mabinti ni kuwalinda kwa fimbo. Rosa anapata barua kutoka kwa mvulana, barua tu, Zakaria anampiga mpaka unataka kufunga kitabu. Kuanzia siku hiyo binti anajifunza kitu kimoja kuhusu wavulana: hatari. Hajafundishwa kuongea nao, kukataa, kukubali wala kuuliza. Kwa miaka kadhaa anasifiwa kwa utulivu wake. Anapofika chuo cha ualimu Morogoro, mbali na fimbo, hana chochote ndani cha kumwongoza, na wanaume wakubwa wenye vyeo wanaliona hilo kabla yake yeye mwenyewe hajaliona.

Kinachonitisha ni kwamba Kezilahabi hamfanyi Zakaria kuwa shetani. Angekuwa shetani tungepumua. Ni baba tunayemjua. Wapo humuhumu mitaani wanaojisifu kwamba binti yao hana hata namba ya mwanaume kwenye simu, na binti mwenyewe ana simu ya pili kaificha kwenye pochi ya pedi. Nimeziona barua za mabinti hao. Wanatuuliza sisi, watu wa gazeti wasiotujua hata sura, mambo ambayo mama yake yuko chumba cha pili angeweza kuyajibu kwa dakika tano.

Tukisema ukweli mpaka mwisho, kitabu kina matatizo yake. Mwandishi wakati mwingine anaingia katikati ya hadithi kutuambia tufikirie nini. Wanaume waliomchezea Rosa wanatoka kiulaini kuliko yeye, na sijui kama mwandishi alikusudia hivyo ili tukasirike au hakuliona. Mimi nimekasirika. Mchumba aliyekuja kumkataa kwa sababu hakumkuta bikira, hakuna anayemuuliza yeye alikuwa wapi usiku wote ule! Na mwisho unavuka mpaka ng'ambo ya kaburi, kwenye hukumu yenyewe, jambo ambalo wengine wanalipenda na mimi naona lilihitaji kurasa chache zaidi. Lakini miaka zaidi ya 50 imepita na kitabu hakijazeeka.

Siti, lakini tumuone vizuri

Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert ni kijitabu kidogo, sikitumii nafasi nyingi. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akafinyanga na kuuza vyungu, akaingia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Maisha ya ajabu! Ila Shaaban Robert ni mtu wa adabu mno. Anamtetea Siti, anamsifu, anatuasa, mpaka Siti mwenyewe anafunikwa na sifa. Nilitaka kujua alikuwa akicheka vipi, aligombana na nani kwenye kundi lake, pesa alizishika nani.

Nikaenda kumtafuta kwenye nyimbo. Ule wa Kijiti unahusu kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji akatorokea bara, na waliofungwa wakawa wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Siti akalitaja jina la mtu huyo kwenye wimbo, mji mzima ukasikia. Yale ambayo wengine walinong'onezana jikoni, yeye aliyaimba. Shoga, huyo ndiye niliyemtaka kwenye wasifu!

Anko asiye anko

Nimekiacha cha mwisho kile ninachokipenda zaidi. Peponi ni tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994. Kwa Kiswahili tuliisubiri mpaka mwaka 2022, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri na Mkuki na Nyota wakaichapa. Nimeisoma kwa lugha zote mbili na nasema bila kumung'unya maneno: isome kwa Kiswahili. Wahusika wake ni watu wa pwani na bara yetu, wanataniana, wanatukanana, wanaswali, wanapatana bei. Kwa Kiingereza nilikuwa kila mara nageuza kichwani kwangu wangesemaje. Safari hii kazi hiyo nimefanyiwa, na kwa Kiswahili cha mtu aliyelelewa nacho.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana kijihoteli kwenye mji mdogo wa relini, na kuna mfanyabiashara tajiri, Aziz, ambaye kila akipita anamwachia mtoto sarafu. Mtoto anamwita mjomba. Siku moja anaambiwa atasafiri naye kwa treni kwenda pwani, na anafurahi kama mtoto yeyote. Kule anakutana na Khalil, kijana wa dukani, ambaye anamfungua macho: huyu si mjomba wako. Baba yako anadaiwa. Wewe ndiye rehani.

Hakuna aliyemwambia. Baba hakumwambia, mama alilia tu. Na Aziz si mkatili, hapigi kelele, ni mpole, ananukia udi. Nyumba yake ina bustani nzuri kuliko zote. Ndiyo maana unakaa nacho tumboni kitabu hiki, kwa sababu ubaya wote unafanyika kwa upole na kwa lugha ya undugu.

Sasa tuangalie majumbani mwetu. Ni nyumba ngapi unazozijua ambamo kuna "mtoto wa shangazi" anayeamka saa kumi na moja kuchemsha maji, anayelala wa mwisho, asiyekaa mezani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Kwa hiyo wengine hawamwajiri, wanamwita ndugu. Hela inatumwa kijijini kwa mzazi, kama inatumwa. Mimi nilikisoma kitabu hiki huku dada wa nyumba ya jirani akifua chini ya dirisha langu, na kurasa zile za mwanzo zilinichukua muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yangu.

Lawama yangu ni kwenye ile safari ndefu ya msafara kwenda bara. Ni nzuri, lakini inachosha, na hapo ndipo wengi mtakiweka chini. Msikiweke. Rudini naye mpaka bustanini, kwa mama mwenye nyumba aliyejifungia na kwa Amina, dadake Khalil, maana hapo ndipo utajua ni nani hasa aliyewekwa rehani katika nyumba ile na kwa bei gani.

Kisha kuna ukurasa wa mwisho. Wajerumani na vita vimekaribia, mlango uko wazi, na Yusuf anafanya uamuzi kwa mistari michache tu, hadithi imekwisha! Rafiki yangu aliyeniazima nakala ya Kiingereza anasema pale kijana amejikomboa. Mimi nasema amebadilisha bwana tu. Tumegombana tangu ofisini mpaka kituo cha daladala na hatujapatana mpaka leo. Ukikimaliza, tuandikie uko upande wa nani, barua tutazitoa toleo lijalo.